Zebaki Katika Jino la Nagisa

Kokwa ya plamu ndiyo iliyoanza yote. Asubuhi hiyo Nagisa alikuwa mezani na mavyaa yake, Mitsuyo, mama wa mumewe, wanakula wali na supu. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita na ulimi wake ulikuwa ukidai uchachu tangu kulipokucha, basi akajitilia plamu ya chumvi ya pili, akasahau kwamba ina kokwa. Akauma. Jino la nyuma upande wa kushoto likalia kama kijiti kikavu kinachokanyagwa, na kabla hajajua afanye nini, alikuwa amekwisha kumeza.

Akapeleka ulimi kule nyuma. Tangu yuko shule ya msingi jino hilo lilikuwa limezibwa kwa fedha, ile ya kijivu wanayoshindilia madaktari wa meno. Sasa pana shimo, na ukingo wake unakwaruza. Nusu ya fedha bado ipo. Nusu imeshuka tumboni pamoja na wali.

“Umemeza kokwa?” Mitsuyo akamwuliza, macho yakiwa kwenye bakuli lake. “Basi mjukuu wangu atazaliwa na mche wa plamu kichwani. Tutampanda bustanini, tusihangaike na karo.”

Nagisa akacheka, mkono mdomoni, na habari za jino hakuzitaja.

Mchana mavyaa yake alipotoka kwenda kumenya figili kwa jirani, aliiuliza simu yake: mtu akimeza fedha ya jino inakuwaje? Simu haikumjibu kama mtu mmoja. Ilimjibu kama soko zima, kila mchuuzi na kelele zake. Huyu alisema haina neno, itatoka yenyewe kama kokwa ya chungwa. Yule akasema ile si fedha tupu, nusu yake ni zebaki. Wa tatu, mwanamke wa kwenye video mwenye koti jeupe na sauti laini, akasema zebaki hiyo hutoka kwenye jino kila mtu anapotafuna, hugeuka mvuke, mvuke huingia kwenye damu, na kwa mwenye mimba damu hiyo humfikia mtoto. Nagisa alimrudia mwanamke huyo mara kwa mara mpaka simu ikapata moto mkononi.

Kisha akaenda kwenye kioo, akapanua mdomo. Meno yenye fedha yalikuwa manne. Alikuwa ameishi nayo tangu utotoni bila kuyafikiria, kama mtu asivyofikiria vifundo vya miguu yake.

Kama angekuwa anakaa kwingine, labda angeogopa jioni moja halafu akalala. Lakini nyumba ya mumewe ilikuwa kwenye ufuko wa bahari ya Shiranui. Ukipanda shamba la michungwa nyuma ya nyumba, ukatazama kusini, unaiona rasi, na nyuma ya rasi ndiko Minamata, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini miaka nenda miaka rudi. Samaki waliinywa. Paka walikula samaki wakawa wanazunguka kama walevi na kujitosa majini. Baada ya paka, watu. Na wako akina mama waliozaa watoto wasioweza kuinua shingo, ilhali wao wenyewe walikuwa wazima wanakwenda shambani. Nagisa alisoma hayo kwao Yamaga, mbali na bahari, kwenye kitabu cha shule chenye picha ambazo mwalimu alizipitisha upesi.

Tangu aolewe huku, hakuwahi kumsikia mtu akilitaja neno zebaki. Mwaka wa kwanza wa ndoa Kunihiko, mumewe, alimwambia wakiwa kwenye lori la chama cha wakulima analoliendesha, kwamba mambo ya ugonjwa ule asiyaulize mbele ya mama, wala kwa majirani. Huku ukilitaja neno lile, alisema, watu wanaanza kujiuliza nani amemwoa nani, na nani asiozwe. Ikifika siku ya kumbukumbu mwezi wa Mei, televisheni ikaanza kuonyesha maua na watu waliovaa nyeusi, Mitsuyo huizima na kusema kuna nguo za kuanua. Husema hivyo hata kama kamba ni tupu.

Kwa hiyo Nagisa akawa na hofu isiyo na pa kuwekwa. Kuanzia siku hiyo mwili wake ukageuka shahidi wa uongo. Mate yalikuwa na ladha ya sarafu. Alipokunja shuka, ncha za vidole zikamwasha. Siku moja mfuniko wa bakuli ulimponyoka, na wote watatu wakautazama ukizunguka sakafuni mpaka ukatulia. Mtoto akinyamaza tumboni, alijiuliza kama amelala au amelegea. Mtoto akipiga teke, alijiuliza kama ni teke au ni degedege. Mitsuyo alichoma dagaa wadogo, akampa fungu kubwa kwa ajili ya mifupa ya mtoto, naye akawasogezea sahani ya Kunihiko. Mitsuyo aliona. Kesho yake hakuchoma dagaa.

Hatimaye alikwenda kwa Daktari Matsukura, aliyekuwa akitibu meno ya kijiji hicho tangu mashine yake ikiendeshwa kwa kanyagio. Chumba cha kungojea ni kidogo, ukikohoa huku anajua aliye kule. Siku hiyo walikaa pale Mzee Iwao na gazeti lake, na Bi Hatsue wa duka la chumvi. Sanae, dada wa mapokezi, akamwuliza kwa sauti yake ya kawaida, yaani sauti ya kumwita mtu ng’ambo ya barabara, leo amekuja kwa ajili ya nini.

Njia nzima Nagisa alikuwa amelibeba lile neno mdomoni. Pale mezani likageuka jiwe. Bi Hatsue aliacha kupekua pochi yake. Mzee Iwao hakugeuza ukurasa.

“Kusafishwa tu,” Nagisa akasema.

Akasafishwa. Daktari Matsukura, mwenye miwani minene na mikono inayonuka sabuni, aliliona jino. Aliuliza limevunjika lini, naye akajibu zamani. Aliuliza kama alizibe, na Nagisa, akidhani atashindiliwa zebaki nyingine juu ya ile, akasema siku nyingine, leo ana haraka. Mzee wa watu akamtazama kidogo, akampa mswaki wa watoto kuwa zawadi ya anayekuja, akamwambia amsalimie mavyaa yake. Akatoka pale na meno yanayong’aa na swali lake lile lile.

Ndipo akapiga simu kwenye kliniki ya yule mwanamke mwenye koti jeupe, jijini Kumamoto. Aliyepokea alikuwa na sauti ya asali. Alisema yote manne yanaweza kutobolewa na fedha yake kutolewa kwa mkao mmoja, Alhamisi ijayo. Nagisa akauliza kama ni salama kwa mwenye mimba. Sauti ikasema wana vifaa vya kisasa, na akina mama wengi wamekuja, na mama anayempenda mtoto wake hangoji. Nagisa alitaka kuamini, akaamini, akaacha jina na namba zote mbili alizoombwa, yake na ya nyumbani. Lakini alikuwa amesoma pia, katika zile kelele za soko, kwamba jino likitobolewa ndipo mvuke unapopanda zaidi. Fedha ikibaki, sumu. Ikitoka, sumu. Alikwenda na wazo hili akarudi na lile, kama mtu aliyefungiwa kwenye ua wenye milango miwili na kila mlango una mbwa.

Nyumbani alisema anataka kwenda kwao Yamaga kungojea uzazi, aondoke Alhamisi hiyohiyo. Mabinti wote huenda kwao kujifungua, hilo halikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba huenda tumbo likiwa limekaribia kushuka, na lake lilikuwa bado juu. Kunihiko alisema sawa, lakini alilisema kama mtu anayemeza kitu kikavu. Mitsuyo aliuliza swali moja tu, kama nyumba yake imemchosha. Nagisa akasema hapana, mama. Basi Mitsuyo akaanza kumfungashia: plamu, figili kavu, machungwa ya akiba, soksi za sufu. Alikunja kila kitu taratibu mno, na Nagisa hakuweza kukaa chumba kimoja naye.

Jumanne Nagisa alikuwa nje anaanika mablanketi, simu yake ameiacha chumbani juu. Alisikia simu ya nyumbani ikilia, ile ya zamani iliyo kando ya madhabahu ya wazee waliotangulia. Ikaacha. Alipoingia na kapu tupu, Mitsuyo alikuwa ameketi sakafuni karibu na simu, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye msibani.

“Wamepiga kutoka kliniki ya jijini,” alisema. “Wanasema Alhamisi usile asubuhi. Wanasema ni kwa ajili ya kutoa zebaki.”

Neno hilo alilitamka polepole. Lilikuwa limekaa kinywani mwake muda mrefu bila kutumiwa.

Nagisa alipiga magoti palepale, kapu kifuani, akaeleza yote: kokwa, nusu aliyoimeza, mwanamke wa kwenye simu, vidole vinavyowasha, uongo wa kwenda Yamaga. Alieleza huku akiomba radhi, na kadiri alivyoomba radhi ndivyo maneno yalivyopotea. Mitsuyo akamwuliza kwa nini hakuja kwake.

“Neno lile halitajwi humu ndani, mama.”

Mitsuyo akainuka, magoti yakilia, akaingia chumbani kwake. Nagisa alisikia droo ikivutwa, na nyingine, na karatasi. Akarudi na kisanduku cha mbao nyeupe nyepesi, kinachotosha kiganjani. Kila nyumba ina vya aina hiyo. Kitovu cha mtoto kikianguka hukaushwa, kikatunzwa humo. Cha Kunihiko Nagisa alikwisha kukiona, siku ya harusi. Hiki hakuwahi. Ndani, juu ya pamba iliyogeuka njano, kulikuwa na kitu kama kipande cha kamba ya katani, rangi ya chai.

“Huyu ni Fumi, mdogo wangu,” Mitsuyo akasema. “Nilikuambia alikufa kwa homa. Hakufa kwa homa.”

Akamweleza, bila haraka, akitazama kisanduku. Fumi alizaliwa yeye akiwa msichana mdogo wa shule. Mama yao alikula samaki kila siku, maana wakunga walisema samaki huleta maziwa. Mama akawa mzima. Fumi hakuinua shingo yake hata siku moja, na alikufa kabla ya umri wa kuanza shule. Watu wa ukoo walisema mtoto yule alimnyonya mama yake sumu yote ili mama asiugue, na mama yao aliposikia hivyo hakula tena mbele za watu. Miaka ikapita. Wakaja watu wa chuo kikuu, nyumba kwa nyumba, wakiomba vitovu vilivyokaushwa, kwa kuwa kitovu hutunza kilichopita ndani yake, na wao walikuwa wanaweza kukipima. Mwezi huohuo mshenga alikuwa anakuja kumposa Mitsuyo. Mama akawaambia wageni kwamba cha Fumi kilichukuliwa na tufani.

“Tufani haikukigusa. Kilikuwa kwenye pipa la mchele,” alisema. “Nikaolewa. Baba yake Kunihiko alikufa bila kujua. Na nilipokuwa na mimba ya Kunihiko, nilikuwa nikimsikiliza mateke kama wewe unavyosikiliza. Nimekuona unavyoweka mkono. Nilijua unaogopa, nikadhani umesikia habari za Fumi, ndiyo maana unatukimbia.”

Nagisa akafunika kisanduku, kwa sababu upepo wa mlangoni ulikuwa unaitikisa pamba.

“Mimi sijui meno,” Mitsuyo akaendelea. “Sijui kama hiki cha kwenye jino ni ndugu wa kile cha kwenye samaki, au wameitwa jina moja tu. Wewe unajua?”

“Sijui, mama.”

“Basi sote wawili hatujui, na Alhamisi unakwenda kutobolewa. Vaa viatu.”

Walishuka kwa miguu kwenda kwa Daktari Matsukura, Mitsuyo mbele, kisanduku amekitia kwenye mfuko wa aproni ambayo alisahau kuivua. Nagisa nyuma yake alikuwa akijiambia kwamba atasema. Safari hii atasema. Walipoingia, Mzee Iwao alikuwa pale tena, maana kwa kweli hakuwa na jino bovu bali upweke, na Bi Hatsue alikuwa amerudi na shavu limevimba. Kwenye televisheni ya pembeni mtu alikuwa akikata vitunguu. Sanae akauliza leo ni nini.

“Kusafi...” Nagisa alianza. Mdomo wake ulikwenda wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani.

Mitsuyo akaweka kiganja juu ya meza ya mapokezi.

“Hakuja kusafishwa. Mkwe wangu ana zebaki kwenye meno, nusu ya ile ya jino moja ameimeza, ana mimba na anaogopa. Mimi pia naogopa. Mdogo wangu Fumi aliuawa na zebaki. Tunataka Daktari atueleze.”

Hakupaza sauti. Chumba chenyewe kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema ni baridi ya namna gani mtu anaisikia akishaufunua. Nagisa aliona masikio ya mavyaa yake yamekuwa mekundu mpaka kwenye ncha. Bi Hatsue alitazama ndala zake. Yule wa televisheni akamaliza kitunguu, akaanza karoti.

Mzee Iwao akakunja gazeti.

“Fumi aliyekuwa akibebwa kwenye kikapu cha machungwa,” alisema. “Namkumbuka. Alikuwa akicheka akiona kuku.”

Mitsuyo akageuka. Akamwuliza kama alijua kilichomwua.

“Mitsuyo, kijiji chote kilijua. Kama ninyi mlivyojua habari za kaka yangu.”

Kisha Bi Hatsue, shavu lake mkononi, akamwambia Nagisa asisimame na tumbo hilo, atangulie kuingia, kwani jino lake yeye Hatsue limemsumbua tangu enzi ya mfalme aliyepita na litajua kungoja.

Daktari Matsukura aliwakalisha wote wawili, Nagisa kwenye kiti kile kirefu, Mitsuyo kwenye kiti cha msaidizi. Alimulika, akagusa, akaweka kioo chini. Hakuwacheka. Alisema kipande kilichomezwa kimekwisha kupita, maana tumbo haliwezi kukiyeyusha, na kilikwenda kilikokwenda kama kokwa yoyote. Alisema zebaki ya samaki wa wakati ule na zebaki ya jino ni ukoo mmoja wenye tabia mbili. Ile iliingia na chakula, ikakaa mwilini, ikampitia mama bila kubisha ikamwingia mtoto. Hii imefungwa pamoja na fedha na bati. Hutoa mvuke, ndiyo, mtu akitafuna, lakini kidogo.

“Kidogo ni kiasi gani?” Nagisa akauliza.

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

“Kidogo kiasi kwamba mimi, kwa miaka yangu yote, simjui mtoto aliyedhurika kwa hicho. Lakini nikikuambia hakuna kabisa, nitakuwa nakudanganya, na watu wa huku walishadanganywa vya kutosha.”

Mitsuyo, kwenye kile kiti cha msaidizi chenye magurudumu, akatikisa kichwa kukubali, na kiti kikateleza kidogo.

Kisha daktari akasema lile ambalo Nagisa alikuwa amelikwepa. Mvuke hupanda zaidi mashine inapozunguka. Akitobolewa yote manne kwa mkao mmoja, atavuta mvuke mwingi kwa saa moja kuliko anaovuta akitafuna siku nyingi. Kwa mwenye mimba yeye haweki fedha wala haitoi, ila pasipo na njia nyingine. Hili lililovunjika atalifunika kwa dawa nyeupe isiyo na zebaki, bila kuchokoza iliyobaki. Mtoto akishazaliwa, akaacha ziwa, Nagisa akitaka, aje waitoe fedha hiyo, jino moja moja. Na kama roho yake haitulii, hospitali anakohudhuria wampime damu na mkojo. Si aibu kuomba. Dagaa wadogo ale. Samaki wakubwa wa kina kirefu ndio awaache.

“Sasa chagua wewe,” alisema. “Mimi sitakufunga kamba usiende jijini.”

Nagisa alilala pale akitazama taa iliyozimwa juu yake. Alikuwa amekuja akitumaini kusikia kwamba hakuna kitu, na hakulisikia hilo. Alichopewa ni kidogo, na kidogo ni kitu kigumu kukishika. Hakitoshi kukukimbiza, na hakitoshi kukulaza. Mtoto akapiga teke. Akaweka mkono, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kokwa hakujiuliza kama ni degedege. Alijiuliza baadaye kidogo tu.

“Nifunikie,” alisema.

Haikuchukua muda. Alipotoka, wale wa nje walijifanya hawakuwa wakisikiliza, ingawa Mzee Iwao alikuwa ameshika gazeti juu chini. Nagisa alimwomba Sanae simu ya mezani. Angeweza kupiga yake, huko njiani, peke yake. Aliona kwamba akifika njiani hatapiga.

Ile sauti ya asali ilipokea. Nagisa akasema anafuta miadi ya Alhamisi. Sauti ikasikitika, ikauliza kama ana uhakika, maana kila siku inayopita mtoto anapokea sumu. Nagisa alizungusha waya wa simu kidoleni. Alikaribia kusema samahani, nitakuja.

“Mashine ikizunguka,” akasema badala yake, “mvuke wa zebaki unapanda?”

Sauti ikasema wana vifaa vizuri sana.

“Nimeuliza kama unapanda.”

Kisha ule upande wa pili, kwa sauti ambayo haikuwa na asali tena bali ya msichana wa kazi tu, ukasema kwamba ndiyo, unapanda kiasi.

“Basi nitangoja,” Nagisa akasema, akaweka simu. Alipogeuka, Bi Hatsue alikuwa amempisha kiti.

Damu na mkojo vilipimwa. Majibu yalirudi ya chini, na Kunihiko, aliyekwisha kusimuliwa yote mpaka habari za Fumi, akasema unaona sasa. Nagisa alisema anaona. Lakini alilala na karatasi ile chini ya mto muda mrefu, na kwenda Yamaga alikwenda wakati wake, tumbo likiwa limeshuka, amebeba plamu zilizotolewa kokwa zote. Mitsuyo alikuwa amezitoa, moja moja, kwa kijiti.

Mtoto alizaliwa wakati wa baridi, msichana, wakamwita Chiho. Mitsuyo alifika na treni ya asubuhi, machungwa begani. Hakusalimu sana. Alinawa mikono mpaka viwiko, akaja kitandani, akaingiza kidole kwenye kiganja cha mtoto, akangoja. Nagisa pia alingoja, pumzi juu, ingawa yeye mwenyewe alikwisha kujaribu hivyo hivyo alfajiri, na kabla ya alfajiri. Vile vidole vikafunga. Vilifunga kwa nguvu, kama vya mtu anayedai chake. Mitsuyo aligeuka akatafuta leso kwenye kila mfuko isipokuwa ule ilimokuwa.

Hofu haikuondoka na maji ya uzazi. Wiki zile za mwanzo Nagisa alipitisha kidole mbele ya macho ya Chiho, aone kama yanafuata. Yalifuata. Akapitisha tena. Akinyonyesha, ulimi wake ulikwenda nyuma kwenye lile jino, ukagusa dawa nyeupe, laini, na pembeni yake ukingo mwembamba wa fedha uliobaki.

Kitovu kilipoanguka walikikausha dirishani, na Mitsuyo akaleta kisanduku kipya, mbao zake bado zinanukia. Waliporudi kwenye nyumba ya ufukweni, Nagisa alitaka kukiweka kwenye droo ya chumbani, chini ya kimono, ambako vitu vya namna hiyo huwekwa. Mitsuyo akamzuia. Alikichukua akakiweka kwenye rafu ya madhabahu ya wazee, wazi, kando ya simu. Cha Fumi kilikuwa kimekwisha kuwekwa hapo. Nagisa akauliza kwa nini hapo, mahali mgeni yeyote akija atakiona.

“Ili wakija tena kuulizia,” alisema Mitsuyo, “hata nikiwa sipo, usiwaambie kilichukuliwa na tufani.”